Kamera ya shilingi milioni 10 katika vumbi la Rungwa: Nini cha kupima kabla ya kutoa fedha

PALAHALA dume hujitokeza kwenye ukingo wa kichaka dakika chache kabla ya giza kuingia, husimama, hunusa upepo, kisha hurudi alikotoka. Kwa mtu aliyeketi ndani ya gari lililozimwa injini katika Pori la Akiba Rungwa, mkoani Singida, tukio zima huweza kwisha kabla hajavuta pumzi mara nne. Iwapo kamera aliyoishika huchelewa kulenga, au huharibu picha mwanga unapofifia, hakuna marudio. Mnyama huyo haonekani kirahisi, na siku nyingine huenda asionekane kabisa.

Hilo ndilo linalowasukuma wapiga picha wengi kuziwazia kamera zinazoitwa za fremu kamili zisizo na kioo. Lakini bei zake si za mzaha. Nikon Z8 ilipotangazwa Mei 2023 ilipangiwa bei ya dola 4,000 za Marekani, kasoro senti chache. Canon EOS R5 Mark II, iliyotangazwa Julai 2024, ilipangiwa dola 4,299. Kwa fedha za Tanzania hiyo ni karibu shilingi milioni 10 au zaidi, kabla ya usafirishaji, ushuru na kodi, na kabla ya kununua hata lenzi moja. Kwa mpiga picha wa Itigi, Manyoni au Chunya, ambaye riziki yake ni harusi, mahafali, kipaimara na picha za pasipoti, fedha hizo ni kiwanja au pikipiki kadhaa. Mara nyingi ni mkopo. Akikosea kuchagua, deni hubaki palepale, na kamera isiyomfaa huuzwa kwa hasara.

Rungwa ni mahali pazuri pa kuupima uchaguzi huo kwa sababu haipambi kitu. Eneo hilo lilitengwa na Wajerumani mwaka 1910 kwa jina la Pori la Akiba la Saba, kisha mwaka 1946, chini ya Waingereza, likapewa jina la Rungwa. Mwaka 1964 sehemu yake ya kusini ilimegwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kilichobaki ni nyika ya miombo na vichaka vizito vinavyojulikana duniani kwa jina la mji wa Itigi. Kando yake yapo mapori ya Kizigo na Muhesi, na njia ya kutoka Itigi kwenda Chunya na Mbeya ni barabara ndefu ambayo kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya vumbi. Kwa miongo mingi waliofika huko walikuwa zaidi ni wawindaji, ambao msimu wao huanza Julai. Watalii wa kamera walielekea Serengeti na Ngorongoro.

Hali hiyo imekuwa ikibadilika kidogo kidogo, hasa tangu mwaka 2022, ilipozinduliwa filamu ya Tanzania: The Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alishiriki mwenyewe. Filamu hiyo iliwaonyesha watu wengi kwamba mgeni huamua safari yake kwa kutazama picha jongefu. Kambi inayotaka wageni leo haiombi picha za mnato peke yake. Inaomba na video fupi ya kuweka kwenye mtandao, na mara nyingi inataka vyote viwili kutoka kwa mtu mmoja, kwa malipo ya mtu mmoja. Hapo ndipo kamera moja inayofanya kazi mbili inapoanza kuwa na maana ya kibiashara.

Ili kuelewa kinachouzwa, ni vema kuanza na neno "kioo". Katika kamera za kitaalamu za kizazi kilichopita, mwanga ulioingia kwenye lenzi ulipiga kioo kilichoinamishwa, ukapanda hadi kwenye jicho la mpiga picha. Alipobonyeza kitufe, kioo kiliruka juu, pazia la shata likafunguka, na mwanga ukafika nyuma kwenye filamu, au baadaye kwenye kihisi cha kielektroniki. Ule mlio wa "klak" unaosikika kanisani wakati wa kuvalishana pete ulitokana kwa sehemu kubwa na kioo hicho. Kamera isiyo na kioo imeuondoa mtambo huo wote. Kihisi hupokea mwanga muda wote, na mpiga picha hutazama televisheni ndogo sana iliyo ndani ya kitazamio. Faida yake ni kwamba anaona picha ilivyo kabla ya kuipiga, ikiwa na giza au mwanga uliozidi. Hasara yake ni kwamba televisheni hiyo hula betri.

Hasara hii isidharauliwe. Nikon D850, kamera ya kioo iliyotoka mwaka 2017, ilikadiriwa kwa kipimo cha kawaida cha viwanda kuwa na uwezo wa kupiga picha 1,840 kwa betri moja. Z8, inayotumia betri inayofanana nayo kwa umbo, imekadiriwa picha zipatazo 340. Sony A7 IV ina afueni, kwani hupita 500. Kwa matumizi halisi ya kupiga mfululizo idadi hizo huongezeka sana, lakini uwiano unabaki. Mahali ambapo umeme ni wa jua au wa jenereta inayowashwa saa chache jioni, tofauti hiyo ni ya kuhesabu mapema. Betri za kamera hizi hubeba takriban wati 16 kwa saa kila moja. Kuchaji nne kunahitaji wati zipatazo 64 kwa saa, na paneli ndogo ya wati 20 huchukua karibu siku nzima ya jua kali kuzitoa, kwa sababu nishati nyingine hupotea njiani. Ni jambo linalowezekana. Ila paneli hiyo na betri tatu za akiba ni sehemu ya bei ya kamera, hata kama muuzaji hazitaji.

Neno la pili ni "fremu kamili". Asili yake ni Ujerumani, katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, ambako Oskar Barnack alitengeneza kamera ndogo iliyotumia utepe wa filamu za sinema wenye upana wa milimita 35. Leica hiyo iliingia sokoni mwaka 1925, na picha yake moja ilikuwa na ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Kipimo hicho kikawa desturi ya dunia. Kamera za kidijitali zilipokuja, kutengeneza kihisi kikubwa kiasi hicho kulikuwa ghali mno, hivyo nyingi zilipewa kihisi kidogo zaidi. Chenye ukubwa uleule wa filamu ya zamani ndicho kikaitwa cha fremu kamili. Sony ndiyo iliyofungua njia kwa kamera zisizo na kioo za aina hiyo zinazojilengea zenyewe, ilipotangaza A7 na A7R Oktoba 2013. Nikon na Canon zilisubiri hadi mwaka 2018, na Panasonic ikafuata mwaka 2019.

Kihisi cha fremu kamili kina eneo la milimita za mraba 864. Kile kidogo kinachotumika katika kamera nyingi za bei ya kati kina takriban 370. Kwa maneno mengine, kikubwa hupokea mwanga zaidi ya mara mbili, lenzi ikiwa na tundu lilelile na shata ikiwa na mwendo uleule. Palahala anapojitokeza jioni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama manyoya yake meusi yataonekana kama manyoya au kama uji wa chengachenga. Ndivyo ilivyo pia katika ukumbi wa harusi wenye taa hafifu za rangi.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. Kihisi kidogo humleta mnyama karibu. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera yenye kihisi kidogo huona eneo dogo kama lenzi ya milimita 600 kwenye fremu kamili. Serengeti, ambako simba hulala kando ya gari, jambo hilo halina uzito mkubwa. Rungwa wanyama wamezoea kukimbia bunduki, na wengi huonekana kwa mbali. Mwenye fremu kamili hulazimika kununua lenzi ndefu zaidi na nzito zaidi, au kukata picha na kubakiza sehemu ya katikati.

Hapo ndipo hesabu ya megapikseli inapokuwa na maana, nje ya majigambo ya vijiweni. Picha ya megapikseli 45, kama za Z8 au R5 Mark II, ikikatwa hadi ukubwa wa kihisi kidogo hubakiwa na megapikseli zipatazo 19. Ya megapikseli 24, kama za Canon EOS R6 Mark II au Nikon Z6 III, hubakiwa na kama 10. Karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri huhitaji takriban megapikseli 9, kwa hiyo hata hizo 10 hutosha kwa kalenda ya ofisi. Hazitoshi kwa bango la uwanja wa ndege. Mtu ambaye wateja wake ni maharusi na kambi moja ya watalii hana sababu ya msingi ya kulipia megapikseli 45. Anayetaka kuuza picha za chui nje ya nchi anayo.

Chui wenyewe ni mfano mzuri. Watafiti waliotega kamera za kujipiga zenyewe katika ukanda wa Ruaha na Rungwa huwatofautisha chui kwa madoa yao, kwa kuwa hakuna wawili wenye mpangilio sawa. Kazi hiyo hufanywa na vikamera vya bei ndogo vilivyofungwa mtini, visivyo na fremu kamili wala jina kubwa. Vipo mahali panapofaa kwa saa 24, basi. Mpiga picha anayedhani kifaa cha milioni 10 kitamfidia kukosa subira atashindwa na kisanduku kilichofungwa kwa mkanda.

Upande wa video una historia fupi lakini yenye kishindo. Septemba 2008 Canon ilitangaza EOS 5D Mark II, kamera ya kwanza ya kioo yenye fremu kamili iliyoweza kurekodi video ya ubora wa juu. Klipu yake moja haikuzidi takriban dakika 12, lakini mandhari ya nyuma yenye ukungu laini, ambayo awali ilikuwa ya sinema za fedha nyingi, ikapatikana kwa mpiga picha wa kawaida. Tangu hapo hakuna mteja wa harusi aliyeridhika tena na picha za mnato tu.

Kamera za leo karibu zote hurekodi video ya 4K, na baadhi hufikia 8K. Fremu moja ya 4K ina megapikseli zipatazo 8, na ya 8K ina 33. Ndiyo sababu kamera ya megapikseli 24 haiwezi kutoa 8K halisi hata ikiombwa kwa heshima zote. Swali la kuuliza ni kama mteja ana televisheni ya kuionyesha. Kwa kazi nyingi za Tanzania jibu ni hapana, na 8K hugeuka mzigo wa kuhifadhi tu. Kilicho na faida zaidi ni rangi za biti 10. Video ya biti 8 ina viwango 256 kwa kila rangi ya msingi, ya biti 10 ina 1,024. Anayerekodi anga la machweo la Rungwa, ambalo mwishoni mwa kiangazi hujaa moshi wa mioto ya nyika, ataona tofauti hiyo anaporekebisha rangi: la kwanza hugawanyika kuwa mistari kama ngazi, la pili hubaki laini.

Jambo la pili ni mwendo. Katika kamera nyingi zisizo na kioo, shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Sony A7 IV, ambayo kwa mengine ni kamera bora kwa bei yake, huchukua takriban sehemu moja ya 15 ya sekunde kumaliza kazi hiyo kwa picha ya mnato. Katika muda huo miguu ya swala anayekimbia imekwisha kuhama, na picha hutoka ikiwa imepinda. Kwenye ukumbi wenye taa za umeme zinazopepesa, picha hutoka na mistari. Kamera zenye kihisi cha tabaka, kama Z8, hupunguza muda huo hadi takriban sehemu moja ya 270 ya sekunde. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, husoma kihisi chote kwa mara moja, lakini bei yake si ya mtu wa Itigi. Wengine watumie shata ya kawaida ya pazia, ambayo wanyama wengi huivumilia, na waiache ile ya kimya kwa ajili ya hotuba na sala.

Kisha linakuja joto. Mwaka 2020 Canon ilipotoa EOS R5 dunia nzima ilisikia malalamiko kwamba kamera hiyo hupata moto na kuzima video, hasa ya 8K, baada ya dakika zipatazo 20. Kipimo hicho kilikuwa cha chumba chenye nyuzi 23. Ndani ya gari lililosimama juani Oktoba, katika nyika ya kati ya Tanzania, hakuna nyuzi 23. Maboresho ya programu yalisaidia baadaye, lakini fundisho lilibaki: kamera ndogo isiyo na feni ina kikomo. Panasonic iliweka feni katika S5 II ya mwaka 2023, iliyoanza kuuzwa kwa dola 2,000, na Canon huuza kishikio cha ziada chenye feni kwa ajili ya R5 Mark II. Kwa mtu anayerekodi hotuba nzima ya mkutano wa kijiji, au ibada ya saa mbili, feni ina thamani kuliko pikseli. Asiye na feni hana budi kushusha ubora, kufunua kioo cha nyuma kipate hewa, na kuifunika kamera kwa kitambaa cheupe. Ni ushauri wa kizamani, lakini hufanya kazi.

Vumbi la barabara ya Rungwa ni mwekundu, jepesi, na huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Kuondolewa kwa kioo kumekiacha kihisi karibu na mlango wa lenzi, bila kizuizi. Baadhi ya kamera hushusha pazia zinapozimwa: Canon R5 na R6 hufanya hivyo, Sony A7 IV huweza kuwekewa utaratibu huo, na Z8 ina ngao maalumu. Sifa hii ndogo, ambayo mara nyingi haipo katika ukurasa wa kwanza wa matangazo, huokoa safari ya kwenda Dar es Salaam kusafishiwa kihisi. Kanuni ya nyikani ni moja tu: kamera izimwe kabla ya kubadilisha lenzi, mlango wake utazame chini, na gari liwe limesimama muda wa kutosha vumbi lake litue.

Wapo pia mbung'o, ambao wengi wa bara huwaita ndorobo. Wadudu hao hufuata magari yanayotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Karibu kila begi la kamera duniani ni jeusi. Anayekwenda Rungwa atafute la rangi ya udongo.

Pengine kosa kubwa zaidi la wanunuzi ni kuchagua kamera kwanza na lenzi baadaye. Mwili wa kamera hubadilishwa baada ya miaka mitano au sita. Lenzi nzuri hukaa mara mbili ya hapo. Kwa wanyama wa mbali, zipo lenzi tatu ambazo zimewafungulia mlango watu wasio matajiri: Sony ya milimita 200 hadi 600, Nikon ya 180 hadi 600, na Canon ya 100 hadi 500. Mbili za kwanza zina uzito wa kilo mbili hivi. Ya Canon ni nyepesi zaidi lakini tundu lake hubana hadi f/7.1 ikivutwa mwisho, na jioni ya palahala hilo ni pigo. Mfuko wa maharage uliowekwa kwenye dirisha la gari hushika lenzi hizo vizuri kuliko vifaa vingi vya kununuliwa, na maharage yenyewe hupatikana sokoni Itigi.

Kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi, na hapo ndipo mnunuzi anapofunga ndoa. Mdomo wa Sony umefunguliwa kwa watengenezaji wengine, hivyo lenzi za Sigma na Tamron za bei nafuu ni nyingi. Panasonic, Leica na Sigma walikubaliana mwaka 2018 kutumia mdomo mmoja. Canon imekuwa bahili zaidi kwa lenzi za fremu kamili za watu wengine, ingawa lenzi zake za zamani za kamera za kioo hufanya kazi vizuri kabisa kupitia adapta. Nikon nayo ina adapta, lakini mwenye lenzi zake kongwe zisizo na mota ndani, zile zilizozungushwa na bisibisi ya kamera, ajue kwamba hazitajilenga zenyewe tena. Mpiga picha aliyekwisha kuwa na lenzi tatu za Canon za miaka ya nyuma hana sababu ya kuhamia kwingine kwa sababu tu rafiki yake amehama.

Kadi za kumbukumbu nazo zinahitaji sentensi kadhaa. Z8 na R5 Mark II zina tundu moja la kadi ya kasi ya CFexpress na moja la SD ya kawaida. R6 Mark II ina mawili ya SD. Kadi za CFexpress ni ghali na hazipatikani katika miji midogo. SD hupatikana kila mahali, pamoja na za bandia, ambazo huandikwa gigabaiti 128 na kufuta kila kinachozidi 16. Dawa ni kuijaza kadi mpya hadi mwisho nyumbani, kuifungua kila picha, na ndipo kwenda nayo kazini. Matundu mawili ni lazima kwa anayelipwa, kwa sababu harusi hairudiwi. Video ya 4K ya kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Kuituma kwa intaneti ya megabiti 4 huchukua saa 25, kwa hiyo diski mbili ndogo zinazosafiri katika mifuko tofauti bado ndiyo posta ya uhakika.

Kamera hizi huunganishwa na simu, na zikiunganishwa huweza kuandika ndani ya kila picha mahali hasa ilipopigwa. Kwa harusi halina neno. Kwa Rungwa lina uzito. Hesabu ya tembo katika ukanda wa Ruaha na Rungwa mwaka 2013 ilitoa takriban 20,000. Ya mwaka 2014 ilitoa wachache zaidi ya 8,000, idadi iliyoshtua kiasi kwamba ilirudiwa mwaka 2015 na kupatikana takriban 15,800. Ujangili wa miaka hiyo ulikuwa wa kweli. Picha ya tembo mwenye pembe ndefu iliyowekwa mtandaoni ikiwa na alama za mahali ndani yake ni ramani aliyopewa mtu asiyestahili. Kipengele hicho kizimwe kabla ya kuingia porini, na picha zisafishwe kabla ya kutumwa, hata kwa rafiki.

Kuingia kwenyewe kuna taratibu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuingia katika pori la akiba bila kibali cha maandishi, na mapori hayo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Upigaji picha wa kibiashara hulipiwa tofauti na utalii wa kawaida. Anayekwenda kurekodi video kwa ajili ya mteja aulize ada kabla ya kupanga bei yake, vinginevyo faida yote itabaki langoni. Ndege zisizo na rubani zina vibali vyake vingine, na jina la mmiliki wa kambi halivifuti.

Kwa kuzingatia hayo yote, mwenye shilingi milioni 10 kamili asinunue mwili wa milioni 10. R6 Mark II, Z6 III au A7 IV, ambazo zote zilianza kuuzwa kwa karibu dola 2,500, humwachia nafasi ya lenzi, betri, kadi na kipaza sauti cha nje, maana sauti mbovu huharibu video kuliko picha mbovu. Kati ya hizo, A7 IV hukata sehemu ya picha inaporekodi 4K kwa fremu 60, nyingine mbili hazikati. Anayepiga picha za mnato zaidi kuliko video, na ambaye umeme kwake ni wa kubahatisha, asione aibu kutafuta D850 iliyotumika pamoja na lenzi yake. Bado ina megapikseli 45, bado inavumilia vumbi, na betri yake humaliza safari nzima.

Kifaa kilichotumika kikaguliwe kwa mambo ambayo hayahitaji utaalamu: idadi ya mipigo ya shata, skrubu zilizochunwa na bisibisi, kutu kwenye mdomo wa lenzi, ukungu ndani ya vioo. Kipigwe picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo ili madoa ya kihisi yaonekane, na kirekodi video juani kwa dakika 30 mfululizo muuzaji akiwa pembeni. Namba ya kifaa ilinganishwe na ya kwenye risiti na boksi. Muuzaji akisema hana muda wa dakika 30, mnunuzi afunge pochi yake na kupanda basi la kurudi.